Kipimo cha jeni ya ACTN3 kwa mate: herufi inasomwa vizuri, ushauri unaobandikwa juu yake haufai

Ndani ya boksi kuna kichupa cha plastiki chenye faneli, mfuniko uliojazwa dawa ya kuhifadhi, bahasha ya kurudishia na namba ya siri ya kufungulia majibu. Mteja anatema mate, anatuma, na wiki kadhaa baadaye anapata ripoti inayomwambia kwamba ameumbwa kwa mbio fupi, kwa mbio ndefu, au yuko katikati. Kipimo cha kwanza cha namna hii kiliingia sokoni Australia mwaka 2004, na leo kinauzwa kwa majina mengi: mara peke yake, mara kikiwa kimechanganywa na jeni nyingine ishirini au thelathini za "michezo". Hapa tunaitathmini aina nzima ya bidhaa bila kuchagua chapa, kwa sababu chini ya majina yote hayo kinachosomwa ni kitu kimoja, yaani herufi moja ya DNA kwenye kromosomu ya 11, iliyosajiliwa kwa namba rs1815739.

Anayetaka kujua kama misuli yake inatengeneza protini iitwayo alfa-aktinini-3, ambayo jeni yake ni ACTN3, au haitengenezi, kipimo kitamjibu, tena kwa uhakika mkubwa. Anayetaka kujua kama mwanawe akimbie mita 100 au mita 10,000, asinunue.

Sababu ya hukumu hiyo imo kwenye umbo la protini yenyewe, sehemu ambayo ripoti nyingi huipitia kwa sentensi mbili.

Alfa-aktinini ni ukoo wa protini nne kwa binadamu, ambazo hapa tunaziita kwa majina ya jeni zao, ACTN1 hadi ACTN4. ACTN1 na ACTN4 zinapatikana kwenye seli za aina nyingi mwilini. ACTN2 na ACTN3 ni za misuli. Kila moja ina uzito wa takriban kilodaltoni 100, na haifanyi kazi ikiwa peke yake: molekuli mbili hulala mzungu wa nne, kichwa cha hii kwenye mkia wa ile, na kufanya fito moja yenye urefu wa nanomita 35 hivi. Kichwa ndicho kinachoshika uzi wa aktini, moja ya nyuzi zinazouwezesha msuli kujikunja, kwa kutumia vipande viwili vinavyofanana na protini ya kalponini. Baada ya kichwa kuna shingo fupi, kisha kiwiliwili cha marudio manne ya spektrini. Kila rudio ni mafundo matatu ya helisi yaliyosokotwa pamoja, na ndiyo yanayoipa fito ukakamavu. Mwisho kuna mkia unaofanana na kalmodulini. Katika ACTN1 na ACTN4 mkia huo unahisi kalsiamu, na kalsiamu ikipanda, mshiko wa aktini hulegea. Katika ndugu wawili wa misuli uwezo huo umepotea. Ni jambo la maana sana: msuli hujazwa kalsiamu kila unapojikunja, na kamba inayofunguka kila mara msuli unapofanya kazi isingefaa kitu.

Kwa kuwa zimelala mzungu wa nne, kila ncha ya fito ina kichwa kimoja na mkia mmoja. Ndiyo maana alfa-aktinini inaweza kushika nyuzi mbili za aktini kwa wakati mmoja, huku moja na huku moja. Mahali pa kazi hiyo ni diski Z, mpaka unaotenganisha sakomea (kipande kidogo cha msuli kinachojikunja) moja na nyingine. Nyuzi za aktini zinaingia pale kutoka pande zote mbili zikiwa zimeelekea kinyume, na alfa-aktinini inazifunga kwa tabaka zilizoachana nanomita 19 hivi. Katika seli za misuli za kasi tabaka ni chache, na diski Z ina unene wa nanomita 30 hadi 50. Katika seli za taratibu na kwenye moyo tabaka huongezeka na unene hufika nanomita 100 na zaidi. Mkia nao hauko bure: unashika titini, ile protini ndefu kuliko zote, na kuitia nanga. Umbo kamili la ACTN2 lilipochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba mkia wa molekuli moja hukumbatia shingo ya mwenzake na kujifunga, hadi mafuta ya utando yaitwayo PIP2 yaufungue ndipo uipokee titini. Ni kufuli, na lina ufunguo wake.

ACTN2 imo kwenye kila seli ya msuli wa mifupa na kwenye moyo. ACTN3 imo kwenye seli za kasi tu. Mfuatano wao unalingana kwa takriban 80%, na hapo ndipo mzizi wa yote yanayofuata: ndugu hawa wawili wanafanana kiasi cha mmoja kuweza kukaa kwenye kiti cha mwenzake.

Sasa ile herufi. Katika kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha protini) ya 577 ya ACTN3, watu wengine wana CGA, inayotoa asidi amino ya ajinini. Wengine wana TGA, ambayo ni amri ya kusimama. Aleli (yaani toleo la jeni) ya kwanza huitwa R, ya pili X; kila mtu ana mbili, kwa hiyo huwa RR, RX au XX. Protini kamili ina asidi amino 901, na kodoni ya 577 iko ndani ya rudio la tatu la spektrini, kwa hiyo amri ya kusimama inaukata nusu ya kiwiliwili na mkia wote. Tena hata kipande kilichobaki hakionekani: misuli ya mtu mwenye X mbili haina alfa-aktinini-3 kabisa. Hali hii ilielezwa mwaka 1999, na kilichowashangaza wengi ni kwamba si ugonjwa. Zaidi ya watu bilioni moja duniani wako hivyo, wakiwemo takriban 18% ya watu wenye asili ya Ulaya. Diski Z zao zimenyooka, misuli inafanya kazi. ACTN2 imeongezeka na kujaza nafasi.

Lakini kukaa kwenye kiti cha mwenzako si kuwa mwenzako. Panya walioondolewa jeni hii wanaonyesha tofauti waziwazi: nguvu ya misuli inapungua kidogo, ustahimilivu unaongezeka, na kimeng'enya kinachovunja glaikojeni (sukari ya akiba) kwenye misuli kinapungua utendaji, hivyo seli za kasi huanza kuchoma nishati kwa njia ya oksijeni zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba ACTN2 inashika kwa nguvu zaidi protini ya kalsasini-2, ambayo kwa kawaida huibana protini nyingine, kalsinyurini. Kalsasini ikishikwa, kalsinyurini inaachiwa na kusukuma seli kuelekea tabia ya seli za taratibu. Kwa binadamu, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwaweka wanaume 42 kwenye maji ya nyuzijoto 14 za Selsiasi. Wale wa XX walihifadhi joto la mwili vizuri zaidi kuliko wale wa RR. Ukweli huu wa kuvutia haupo kwenye ripoti nyingi za wauzaji, kwa sababu hauuzi viatu vya mbio.

Turudi kwenye boksi. Hatua ya mate ni rahisi, na ndiyo inayoharibika mara nyingi kuliko nyingine. Dakika 30 kabla, usile, usinywe, usivute sigara, usitafune chochote. Jaza mate hadi kwenye mstari, kwa kawaida mililita 2, na upime kwa kimiminika chenyewe, si povu. Hapa ndipo watu hukosea: kichupa kinaonekana kimejaa, maabara inapokea nusu mililita na hewa. Ukikauka mdomo, sugua mashavu kwa nje taratibu, usinywe maji. Funga mfuniko hadi usikie umekaza, kwa sababu ukikaza ndipo utando unapasuka na dawa ya kuhifadhi kumwagika ndani. Mfuniko uliofungwa nusunusu ni sawa na mate yaliyotumwa bila dawa: bakteria wanaendelea kula na DNA inakatikakatika. Kisha tikisa sekunde tano au zaidi. Hakuna haja ya jokofu, joto la kawaida la chumbani linatosha. Dawa ile isinywewe wala isiingie machoni.

Vifaa vya kijiti cha pamba ni vya bei ndogo na vinafaa kwa herufi moja, ila vinatoa DNA kidogo. Sugua upande wa ndani wa kila shavu kwa nusu dakika angalau, na kama maelekezo yanataka kijiti kikauke, kiache kikauke kweli kabla ya kukifungia. Kijiti kibichi ndani ya bahasha iliyozibwa huota ukungu.

Mambo mawili ambayo maelekezo ya boksi mara nyingi hayasemi. Mtoto anayenyonya ana seli za mama mdomoni, kwa hiyo kama sampuli ni ya lazima, ichukuliwe muda mrefu baada ya kunyonya na mdomo ukiwa umepanguswa. Na mtu aliyepandikizwa uboho asitumie kipimo cha mate kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa ya DNA ya mate inatoka kwenye chembe nyeupe za damu, na chembe zake nyeupe sasa ni za aliyemchangia. Jibu litatoka safi kabisa, nalo litakuwa la mtu mwingine.

Maabarani kuna njia tatu za kawaida, na zote ni nzuri zikifanywa kwa uangalifu.

Ya kwanza ni ya zamani: kipande cha DNA cha jozi za besi (herufi) 290 hivi kinakuzwa kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, kisha kinakatwa kwa kimeng'enya cha DdeI, kinachotambua CTNAG. Aleli ya R inatoa vipande vya 205 na 85. Aleli ya X ina eneo la ziada la kukatwa, kwa hiyo ile 205 inagawanyika kuwa 108 na 97. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kuna eneo moja linalokatwa kwa kila mtu, awe R au X. Ikibaki alama ya 290 kwenye jeli, kimeng'enya hakikumaliza kazi na jibu halifai kusomwa. Kosa la kawaida ni hilohilo: ukataji usiokamilika humfanya mtu wa XX aonekane RX, kwa kuwa 205 inabaki kidogo. La pili ni jeli nyepesi. Kutenganisha 85, 97 na 108 kunahitaji agarosi ya 3% au zaidi, na umeme upite muda wa kutosha. Kwenye jeli ya 1.5% alama zote tatu zinakuwa doa moja.

Ya pili ni PCR ya muda halisi yenye vichunguzi viwili vya rangi tofauti, kimoja kwa C na kingine kwa T. Sampuli zinajipanga makundi matatu kwenye grafu. Ni ya haraka, inahitaji nanogramu 10 hivi tu za DNA, na kwa herufi moja ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote. Tatizo linatokea kwa sampuli dhaifu zinazoelea katikati ya makundi. Maabara makini inaziita "hazikusomeka" na kuomba mate mengine. Maabara isiyo makini inaacha programu ikisie. Kila mzunguko uwe na sampuli ya RR, ya RX na ya XX zinazojulikana, pamoja na tundu lisilo na DNA yoyote. Kipimo cha mwanga wa urujuanimno kinachopima wingi wa DNA nacho hudanganya kwenye mate, kwa sababu kinahesabu hadi ya bakteria.

Ya tatu ni bamba la jeni, linalosoma mamia ya maelfu ya herufi kwa mara moja. Kwa rs1815739 linafanya kazi vizuri. Kinachowachanganya wateja ni faili ghafi: baadhi ya mabamba huripoti uzi wa pili wa DNA, na mtu anakuta G na A badala ya C na T. Hakuna utata hapo. GG ni sawa na CC, yaani RR. AA ni sawa na TT, yaani XX. AG ni RX. Kwa kuwa C na T hazioani zenyewe kwa zenyewe, huwezi kukosea uzi ukishaijua kanuni hii.

Kuna kosa moja linaloweza kuzipata zote. Kama mtu ana tofauti nyingine ya DNA palepale kianzishi (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) au kichunguzi kinapopaswa kushika, aleli moja inapotea na RX inasomwa kama RR au XX. Ni nadra. Ila mzazi wa RR hawezi kuzaa mtoto wa XX, kwa hiyo familia iliyopima wote na kupata jibu kama hilo iombe lirudiwe kwa njia nyingine kabla ya kuanza kutiliana shaka.

Basi usomaji tunaupa alama za juu. Ripoti ndiyo inayoshusha bidhaa hii.

Chanzo cha ripoti zote ni utafiti wa mwaka 2003 kwa wanamichezo wa Australia. Kati ya wanariadha wa mbio fupi na nguvu, XX walikuwa 6%, wakati kwa watu wa kawaida walikuwa 18%. Ni matokeo ya kweli na yamerudiwa kwingine. Lakini yasome tena: yanasema XX ni wachache miongoni mwa wakimbiaji bingwa wa mbio fupi. Hayasemi kwamba RR ni bingwa. Wenye R wamejaa mitaani, na karibu wote si wakimbiaji wa mbio za olimpiki. Utafiti wa vijana wa Ugiriki mwaka 2007 ulikuta jeni hii inaeleza 2.3% tu ya tofauti ya muda wa mita 40 kwa wavulana. Iliyobaki, zaidi ya 97%, iko kwingine: kwenye jeni nyingine nyingi, mazoezi, lishe, umri wa kubalehe, ufundi wa kuanza mbio. Na kuna mruka mbali wa Hispania aliyefika olimpiki mara mbili na kuruka mita 8.26 akiwa XX.

Mfano unaoivunja kabisa lugha ya ripoti hizi unatoka Kenya. Mwaka 2007 watafiti walipima wanariadha wa mbio ndefu wa Kenya na Ethiopia pamoja na watu wa kawaida wa nchi hizo. Kwa Wakenya XX ilikuwa karibu 1% tu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya wakimbiaji na wasio wakimbiaji. Maana yake ni kwamba mabingwa wa mbio ndefu wa Kenya karibu wote wanazo R, na ripoti ya kawaida ya kipimo hiki ingewaelekeza kwenye mbio fupi. Tena mahali ambapo watu 99 kati ya 100 wana protini hii, kipimo kinauza jibu ambalo linajulikana kabla boksi halijafunguliwa.

Ripoti zinazoongeza ushauri wa mazoezi, "inua uzito mzito marudio machache kwa RR, mepesi marudio mengi kwa XX", zinajenga ghorofa juu ya msingi wa inchi moja. Kuhusu kuumia misuli baada ya mazoezi makali, tafiti za ACTN3 zinapingana, na ripoti inayotoa kauli moja bila kusema hivyo haitendi haki. Mbaya kuliko zote ni zile zinazojumlisha jeni za ACTN3, ACE na nyingine kuwa alama moja ya asilimia, "nguvu 72%". Hakuna anayeweza kuonyesha alama hiyo inapima nini. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa tiba ya michezo liliandika kwenye jarida la British Journal of Sports Medicine kwamba vipimo hivi visitumike kutafuta vipaji wala kupanga mazoezi, na kwamba watoto na wanamichezo wachanga wasipimwe kwa madhumuni hayo. Tunakubaliana nao bila masharti. Mtoto wa miaka tisa kutolewa kwenye mchezo anaoupenda kwa sababu ya kodoni ya 577 ni dhuluma.

Nani basi anunue? Mwalimu wa biolojia atapata hapa mfano bora wa kufundishia, kwa kuwa ni nadra kupata amri ya kusimama iliyo ya kawaida hivi, isiyo na madhara, na yenye athari inayopimika. Mtu mzima mwenye udadisi pia, akijua anachonunua. Kabla ya kulipa muulize muuzaji mambo haya: ripoti itaandika C na T zenyewe, au maneno matupu kama "aina ya kasi"? Njia gani ya maabara imetumika? Sampuli isiyosomeka inarudiwa bila malipo? Mate na DNA vinatunzwa muda gani, vinauzwa kwa wengine, na vinaweza kuharibiwa nikiomba? Muuzaji asiyejibu la mwisho kwa maandishi, mwache.

Na lipo kosa moja la kuelewa ambalo lina hatari ya kweli. Baadhi ya ripoti huandika tu "jeni ya alfa-aktinini: kawaida", na msomaji akadhani ukoo wote umechunguzwa. ACTN3 ndiye ndugu pekee ambaye kukosekana kwake hakuleti ugonjwa. Mabadiliko kwenye ACTN2 yanaweza kusababisha moyo kutanuka au kuta zake kunenepa, pamoja na udhaifu wa misuli ya miguu. Ya ACTN4 huharibu vichujio vya figo. Ya ACTN1 hupunguza chembe sahani za damu na kuzifanya kubwa kupita kawaida. Kipimo cha mate cha michezo hakisomi hata moja kati ya hizo tatu. Mwenye ndugu aliyeanguka ghafla uwanjani, au anayezimia akikimbia, au mwenye familia yenye ugonjwa wa misuli ya moyo, aende kwa daktari wa moyo akafanyiwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na picha ya mawimbi ya sauti, na jeni zisomwe kwenye maabara ya hospitali ikibidi. Jibu la RR lisimzuie kwenda.